Pamba Jichoni

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Huku hatujambo, ukiacha paa la jikoni ambalo limeamua kuvuja palepale ninapoweka unga. Mjukuu wangu yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa ukimuuliza jina lake anakutemea mate. Mume wa binamu yetu amerudi nyumbani, amekonda, na hakuna anayethubutu kumuuliza alikuwa wapi.

Usishangae herufi zangu kuwa kubwa kama za ubaoni. Nikiandika ndogo sizioni. Najua utasema, kwa nini usipige simu? Simu ni ya kusema "hatujambo" hata kama nyumba inaungua. Jambo lenye kichwa na miguu naliandika.

Macho yamenigeuka. Tangu mvua zilizopita naona kama mtu anayechungulia kupitia glasi iliyotoka kunywewa maziwa. Majuzi nilishona sare ya mtoto wa shule nikaweka mfuko mgongoni. Mama yake akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikafunga mlango nikalia. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalea wanangu, na wewe nusu yako.

Sasa sikia uchafu ulionipata. Lilipita gari na vipaza sauti: matibabu ya macho bure, watu wazima na wazee, uwanja wa shule ya msingi, wote mnakaribishwa. Nikavaa gauni langu la sherehe, nikaenda. Nikakuta turubai, na mbele yake bango la mheshimiwa, pua yake peke yake kubwa kuliko dirisha langu. Neno "macho" lilikuwa chini kabisa, dogo, nikalazimika kusomewa. Bango la wagonjwa wa macho, na mwenye macho mazima anakodoa!

Tulikaa juani, tukapewa fulana, tukahutubiwa. Mheshimiwa alipofika, kijana mwenye kamera akapita kwenye mabenchi akitukagua kama nyanya. Akanishika mkono. "Mama, wewe una sura nzuri ya kizee. Njoo mbele."

Wakanikalisha kwenye kiti. Binti mmoja mwenye koti jeupe akanibandika pamba kwenye jicho la kushoto, akaikaza kwa plasta.

"Binti, hujanipima. Hii pamba ya nini?"

"Ya picha, mama."

"Na matibabu?"

"Yanafuata. Tabasamu kidogo."

Mheshimiwa akaniwekea mkono begani. Alinukia manukato mpaka koo likaniwasha. Hakunitazama hata mara moja, alitazama kamera. Mtu nyuma yangu akaninong'oneza, "Sema asante." Nikasema asante. Mdogo wangu, nilisema asante! Mpaka leo mdomo wangu nausikia unanuka.

Matibabu yalifuata kweli. Walimwaga mezani gunia la miwani kuukuu, kama mitumba. "Jaribu mwenyewe, ukiona vizuri ondoka nayo." Niliyoiokota ilikuwa na nta ya masikio ya mtu mwingine, na unywele wa mvi umenasa kwenye bawaba. Nikaitupa, nikafuta vidole kwenye fulana ya mheshimiwa. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyoifaa.

Halafu jirani akaja kunipa hongera. Picha yangu imetundikwa stendi, na maneno: SASA NAONA. Nilienda nikasimama chini yake, nikainua uso. Niliona wingu jeupe.

Wewe uko mji mkubwa, unasikia mengi. Mtu wa umri wangu asiye na kitu anatibiwa wapi macho bila kufanywa kinyago?

Dada yako,
Fundi Cherehani

*

Tarehe 2 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema gauni ulilomshonea bado linavaliwa, ingawa yeye ndiye anayelibana siku hizi, si lenyewe linalombana. Mkubwa amefaulu, wa pili amefaulu kwa kuchungulia. Mimi na basi langu la shule tupo. Watoto ni walewale, kelele ni zilezile. Wamejenga upya geti la shule, wamelifanya jembamba, nimelikwaruza kidogo kwa ubavu wa kushoto. Mafundi wa siku hizi hawajui kupima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nikatoka nje kutema mate. Wakubandike pamba kama mdoli! Ningekuwepo, ile pamba angeila.

Nisikilize sana. Usirudi kwa watu wa maturubai. Na usiingie kwenye yale maduka ya miwani yaliyoandikwa "kupima bure". Kuingia ndiko bure, kutoka ndiko kwenye shughuli. Nenda hospitali kubwa ya umma, ile wanayofundishia madaktari, ina idara ya macho. Watu wa umri wako wana haki ya kusamehewa gharama, lakini hawakutangazii. Dirishani usiseme neno "bure", watakucheka. Sema "msamaha", na uulize ofisi ya ustawi wa jamii. Chukua kitambulisho na barua ya serikali yako ya mtaa.

Ukifika ndani, kuna mashine itakupulizia hewa jichoni, puu, usishtuke. Na wakikupa kitufe ubonyeze kila ukiona kitone cha taa pembeni, bonyeza tu unapokiona. Usibahatishe. Kuna watu hubahatisha.

Niandikie ulivyofika.

Mdogo wako,
Dereva

*

Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Wazima? Sisi tupo. Paa limezibwa kwa kipande cha bango la uchaguzi uliopita, angalau limepata maana. Mume wa binamu ameondoka tena.

Nimekwenda. Nilipanda gari alfajiri, nikafika jengo lenyewe lenye korido ndefu kuliko maisha ya mtu. Choo chao sitakisimulia, maana unaweza kuwa unakula. Nitasema tu kwamba siku hiyo nilishukuru kutokuona vizuri, halafu nikakumbuka pua haina mtoto wa jicho.

Dirishani nikasema kama ulivyonifundisha: msamaha, ustawi wa jamii. Yule mhudumu alikuwa anakata kucha. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hiyo huduma ilisitishwa, bibi. Toka nje, vuka barabara, duka lenye mlango wa bluu, mwambie nimekutuma mimi."

Nikavuka, mjinga mimi. Ndani ya mlango wa bluu mtu mwenye koti jeupe akanimulika tochi, akashika kichwa, akasema nisipolipia matone yake leo, kesho naamka kipofu. Wakati anaongea, mlango wa nyuma ukafunguka, mwanamke akapaza sauti, "Fundi wa saa! Mteja wako wa saa amekuja!" Akavua koti jeupe, akaenda kubadilisha betri ya saa. Nikatema mate kwenye kizingiti chake, nikaondoka.

Nilirudi hospitalini. Sikuuliza dirishani tena. Niliuliza mfagiaji. Akanipeleka nyuma ya chumba cha kufulia, mlango usio na kibao. Ndani kulikuwa na mwanamke mwenye mafua, hakunikaribisha, hakutabasamu, hata hakuniita mama. Akatazama kitambulisho changu na ile barua ya mtaa, akapiga muhuri, akapenga kamasi, akasema, "Idara ya macho, chumba cha mwisho. Anayefuata." Niliona raha! Yeye hakutaka nimshukuru.

Daktari ni kijana, ana subira. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, ameshakomaa. Anaondolewa, na silipi. La kushoto mwezi wa tano, la kulia baadaye.

Sasa ndilo neno langu lenyewe. Daktari aliuliza, "Kwenye ukoo kuna aliyepofuka?" Nikamwambia marehemu Baba. Akauliza Baba alianzaje. Nikamweleza: alianza kujigonga kwenye miimo ya milango, anamwaga maji nje ya kikombe, lakini ukimwonyesha ndege angani anamwona. Daktari akaacha kuandika. Akasema huyo hakuwa na mtoto wa jicho, hiyo ilikuwa presha ya macho. Inaanza kula pembeni, haiumi, na inachokula hakirudi. Inatembea kwenye damu. "Wewe nimekupima, huna. Una ndugu?"

Nikasema ninaye mmoja.

Mdogo wangu, ile mashine inayopuliza hewa ulikutana nayo wapi? Na nani alibahatisha kile kitufe? Na geti lile, kweli limekuwa jembamba?

Nijibu hilo tu, mengine yaache.

Dada yako

*

Tarehe 5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za siku? Sisi hatujambo kabisa. Huku mvua ni nyingi, nguo hazikauki. Shule wamenunua vitambaa vipya vya viti vya basi, rangi ya zambarau, watoto wameshavichora. Timu ya mtaa wetu imefungwa tena. Mkubwa anataka kunyoa kiduku, nimekataa. Wifi yako ameanza kufuga kuku, mmoja anataga nje ya tenga makusudi.

Nimefurahi sana umepata tarehe ya upasuaji. Hakikisha hupiki kwa kuni baada ya hapo, moshi si mzuri.

Kuhusu yale mambo mengine, mimi mzima. Hayo ya mashine nilisikia kwa watu. Mzee anayejaza mabasi mafuta pale kazini ndiye aliyepimwa.

Kuna mama mmoja mwenye maneno mengi amelalamika kwamba nashusha watoto mbali na ukingo wa barabara. Wazazi wa siku hizi hawana kazi.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Sitasalimia.

Wifi alinipigia simu, akiwa amejifungia bafuni. Kwa mara ya kwanza simu imesema kweli. Anasema mwaka jana shule iliwapeleka madereva wote kupimwa. Anasema mpimaji alikuambia jicho la kushoto limeliwa karibu lote, urudi kesho yake hospitalini, na wewe ukamwomba aandike kwamba uko sawa. Akaandika! Sijui nani kati yenu anatia kinyaa zaidi. Anasema matone aliyokupa mpimaji huyo aliyakuta ndani ya soksi, hayajafunguliwa, yameshaisha muda.

Sikuwahi kukuonea kinyaa tangu uzaliwe. Nilikuogesha, nilikutoa kamasi, ulinitapikia kwenye nguo ya sherehe, nikacheka. Leo nimesoma barua yako ya kuku na vitambaa vya zambarau, nikahisi kama nimelamba ile miwani ya gunia.

Najua unachokiogopa. Kazi. Unadhani mimi sikuogopa? Mimi nilipoweka mfuko mgongoni, mtoto alitembea na mfuko mgongoni, basi. Wewe ukikosea, mtoto hatembei tena. Mimi walinibandika pamba watu wasionijua, kwa ajili ya picha. Wewe umejibandika kwa mkono wako, kisha ukawapakia watoto wa watu.

Na ulinifundisha njia nzima, mpaka ofisi yenyewe! Ulijua mlango ulipo, ukanionyesha mimi, wewe ukabaki nje. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa kifo chenyewe si chako.

Rudisha funguo. Usiniandikie mpaka zimetoka mfukoni mwako.

Dada

*

Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Umekaa kimya. Sijui ni kimya cha aliyerudisha funguo au cha asiyerudisha. Wifi naye hapokei simu. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu anayeongea mbele ya mlango uliofungwa.

Nimefanyiwa. Jicho la kushoto. Haikuuma kuliko sindano ya cherehani kidoleni. Kesho yake nesi akatoa bandeji, na hiyo ilikuwa bandeji ya kweli, na kitu cha kwanza nilichokiona ni chunusi kwenye kidevu chake. Nikamwambia. Akacheka mpaka wenzake wakaja.

Nilidhani nikirudi nyumbani nitafurahi. Mungu wangu! Nimekuwa nikiishi kwenye jalala. Vikombe vyangu, nilivyokuwa nawapa wageni, vina ukoko mweusi kwenye mikono yake. Nyuma ya mtungi kulikuwa na mende wa ukoo mzima, wajomba na mashangazi. Mto wangu wa kulalia sitakwambia rangi yake. Na sare! Nimeona watoto mtaani wamevaa kazi zangu za mwaka huu. Pindo zinapanda na kushuka kama milima. Wazazi walipokea, wakasema "kazi nzuri, fundi", wakanionea huruma nyuma ya mgongo. Nimezichukua tena zote ninazozijua, nazishona upya. Mama mmoja akasema, "Acha tu, fundi, haikuwa shida." Nikamwambia, ilikuwa shida, wewe ulikuwa unaninyamazia tu.

Halafu nikaenda stendi. Kile nilichokiona kuwa wingu, nikakiona sasa. Bibi mmoja na pamba yake, anachekelea, meno nje, na jicho la pili limepotea hewani halijui kamera ipo wapi. Chini yake SASA NAONA. Nilisimama mpaka wauza maji wakaanza kunizunguka. Nikaazima ngazi kwa fundi wa taa, nikapanda, nikatoa mkasi wangu wa kitambaa.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, unaharibu mali ya mheshimiwa!"

"Mali yake siigusi. Nachukua yangu."

"Yako ipi?"

Nikageuza uso, nikamwonyesha. Akatazama bango, akanitazama mimi, akatazama bango tena. Halafu, mdogo wangu, akaishika ile ngazi isiyumbe.

Nilikata uso wangu taratibu, kwa mzingo, kama mtu anayekata shingo ya gauni. Mheshimiwa amebaki ameweka mkono kwenye bega la tundu. Ule uso niliuwashia jiko. Ulinuka vibaya sana, ni plastiki.

Umenyamaza mno. Hasira yangu iko palepale, lakini sasa usiku inachanganyika na hofu. Niandikie hata matusi.

Dada yako

*

Tarehe 1 Julai

Dada,

Shikamoo. Hongera ya jicho.

Funguo zimetoka mfukoni. Ningependa kukuambia ni barua yako iliyozitoa. Sivyo. Barua yako niliichana, nikaendelea kuendesha. Nilijiambia, nimalize muhula.

Ilikuwa asubuhi, mbele ya shule. Nilikuwa nimeshashusha watoto, naondoa basi taratibu. Nikasikia yowe. Mama msimamizi wa watoto, yule anayekaa nao nyuma, aliruka kutoka mlangoni akamvuta mtoto kwa begi lake, kutoka upande wa kushoto, karibu na tairi la mbele. Mtoto wa darasa la pili. Alikuwa ameinama kuokota penseli. Hakuguswa. Alilia kwa sababu kamba ya begi ilikatika.

Mimi sikuwa nimeona kitu, Dada. Nilikuwa nimetazama kioo cha kushoto, nikaona barabara nyeupe, tupu. Baadaye nilisimama palepale nikafumba jicho la kulia. Haikuwa barabara. Hakukuwa na kitu chochote. Kichwa changu kilikuwa kinajichorea barabara.

Nilizima gari. Yule mama msimamizi akaja dirishani. "Hukumwona?" Nikasema sikumwona. "Tangu lini huoni?" Nikamwambia. Hakunitukana. Alijifuta mikono kwenye sketi yake, kama vile alikuwa amenishika mimi, na hajanisalimia mpaka leo.

Nilimpelekea mwalimu mkuu funguo, nikamweleza yote, na cheti cha uongo nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeingia ofisini kwake na viatu vyenye kinyesi. Ni haki yake. Nimefukuzwa, na yule mpimaji wanamtafuta.

Jioni nikaenda kwa wazazi wa mtoto. Nilitaka wasikie kwangu. Mama yake ndiye aliyefungua, na ndiye yuleyule aliyelalamika kuhusu ukingo wa barabara, yule niliyemwita mwenye maneno mengi. Nikaongea mpaka mwisho. Hakunikatiza. Kisha akafunga mlango, polepole, mpaka komeo likalia. Afadhali angeubamiza.

Hospitalini nimekwenda. Wifi yako alinifikisha, alinishika mkono kama mfungwa. Ustawi wa jamii walinihoji, wakanipa punguzo, si msamaha, umri wangu haujafika. Jicho la kushoto halirudi. La kulia linaweza kubaki nikitia matone kila siku na kuhudhuria kliniki mpaka nife. Daktari aliuliza kwa nini nilichelewa mwaka mzima. Nikamwambia niliogopa kupoteza kazi.

Sasa naosha magari kwenye gereji ya mtu. Usiku siwezi kulala, naona ile penseli. Sijui hata ilikuwa rangi gani, kwa hiyo kila usiku ina rangi yake.

Usiniandikie kwamba ni bahati hakufa. Kila mtu anasema hivyo.

Mdogo wako

*

Tarehe 10 Julai

Mdogo wangu,

Sitasema ni bahati. Na pole yangu sikupi sasa, ningekupa ingekuwa uongo, na uongo tumeshakula wa kutosha katika ukoo huu.

Upasuaji wa jicho la kulia nimeomba usogezwe mbele. Daktari amekubali, hili moja linatosha kusafiria. Cherehani nimeifunika. Mwambie wifi aniwekee godoro kwenye chumba cha watoto, na asifue chochote kwa ajili yangu, nitafua mwenyewe, siku hizi naona.

Kliniki yako ijayo nitakaa nawe kwenye benchi. Matone nitakutia mimi, asubuhi na jioni, hata ukikasirika. Kwa yule mama wa mtoto tutarudi wote wawili, tutasimama mlangoni, na akifunga tena tutaondoka.

Nafika Ijumaa. Nitakuwa bado nimekasirika. Nipokee hivyo hivyo.

Dada yako